Mtapo Dume

Sihaba aliingia bustanini wakati mjini ni asubuhi. Lazima isemwe "mjini", maana ndani ya lango lile asubuhi haikuwa na amri juu ya kila kitu.

Jiji lilikuwa mojawapo ya majiji yaliyokaa ukingoni mwa nchi za joto. Baridi hufika huko kama mgeni asiyevua viatu: husimama kidogo mlangoni, husalimia, huenda zake. Kisha joto hurudi na mvua zake, na mijakaranda humwaga maua ya zambarau barabarani mpaka wafagiaji wakate tamaa. Sihaba alikuwa ameshuka stendi jana yake, akalala nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko, na tangu ashuke hakuwa amesema na mtu ila kuulizia njia. Hakuna aliyemjua. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba hata kule alikotoka sasa hapakuwa na anayemjua, kwa ile namna ya kujuana ambayo mtu hutaja jina la kisima na mwenzake akayaona maji.

Mtu wa mwisho aliyemjua hivyo alikuwa kaka yake, Mbwana, na Mbwana walimzika kabla ya mvua. Alipokuwa amelazwa zahanati, ukutani mbele ya kitanda chake palitundikwa kalenda. Picha ya mwezi ule ilikuwa ya mti mfupi wenye shina nene la magamba, majani marefu magumu yaliyojipinda kama mbavu, na katikati ya majani gunzi kubwa la rangi ya machungwa lililosimama wima. Chini yake paliandikwa jina la bustani na la jiji. Mbwana aliitazama ile picha kutwa nzima, kisha akasema, "Ule ni wetu."

"Mitapo iko mingi, kaka," Sihaba alimwambia.

"Ule ni wetu," Mbwana akarudia, akafumba macho. Baada ya hapo hakusema tena neno ambalo mtu angeweza kulishika.

Kwa hiyo Sihaba alipanda basi, akaja kuutazama mti. Watu wa mtaani kwao wangeuliza amekwenda kwa nani, naye asingekuwa na jibu la kuwaridhisha.

Langoni palikuwa na msichana aliyevaa sare ya kijani, jina lake, Hidaya, limeshonwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiyo mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Basi usishtuke. Humu kila mmea ulikuja na saa zake. Kwenye mimea ya jangwani ni mchana siku zote. Kule kwenye kangaga ni alfajiri. Ukijisikia umebadilika, wewe tembea tu. Ukitoka utaukuta umri wako hapa hapa ulipouacha."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeonyesha kilipo choo. Sihaba akaitikia kwa kichwa, akauliza mtapo uko wapi.

"Yule mpweke?" Hidaya alisita. "Pita ziwa la mayungiyungi, panda ngazi. Utamkuta Bwana Ndaro. Yeye hukaa pale. Bahati yako umewahi, kesho anasafiri, na safari hii…" Hakumalizia. Alishika shughuli ya kufungua mlango mdogo wa chuma.

*

Nyumba ya kangaga ilikuwa na ubaridi wa kabla ya jua. Matone yaliteleza kwenye majani yaliyojikunja kama mikia ya vinyonga, na Sihaba, alipopiga hatua ya pili, alihisi miguu yake imekuwa midogo na mitupu, imelowa umande. Alisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi. Mahali fulani nyuma ya majani mtu alikuwa akikohoa kikohozi cha mama yake, Mwanamvua. Hakusimama. Alijua kwamba akisimama atamwita, na alijua hatajibiwa, na katika hayo mawili hakuweza kusema lipi linauma zaidi.

Nyumba ya okidi ilikuwa na jioni nzito ya msitu usio wake, nayo haikumgusa. Lakini aliitazama mimea ile iliyoning'inia hewani, mizizi yake myeupe imetoka nje, haishiki udongo wowote, na bado inatoa maua. Wageni walikuwa wakiisifu kwa kunong'ona. Yeye aliwakumbuka watu wa kwao walivyoteremshwa kwenye malori katika viwanja vya namba, uwanda mkavu usio na mti, na maofisa wakasema baada ya mwaka mmoja kwamba wamezoea. Kweli walizoea. Walijenga, walioa, walicheka. Je, kiumbe kikitoa maua ndiyo ushahidi kwamba kipo mahali pake? Au ua ni namna ya kuomba? Hakuna aliyewahi kuiuliza okidi, na yeye pia hakuuliza, maana kila mmoja mle ndani alikuwa akinong'ona kwa heshima ya uzuri.

Kila mmea ulikuwa na kibao. Jina, nchi ulikotoka, mwaka ulioletwa. Sihaba alisoma vibao kwa muda mrefu kuliko alivyotazama majani. Aliwaza juu ya mkono unaoandika vibao. Mmea ukiwa msituni hauna haja ya kuambiwa ni nani. Mti jirani unautosha. Ukiletwa hapa, jirani yake ni mgeni kutoka upande mwingine wa dunia, saa zao hazilingani, mmoja analala mwenzake akiamka, na hapo ndipo kibao kinapopata nguvu. Anayekutenga na jirani zako ndiye anayepata haki ya kukutaja. Wenye Ramani, ndivyo watu wa kwao walivyowaita maofisa wale, walifanya hivyo hivyo kwao. Kwanza walijenga ukuta wa kuzuia mto ili majiji yapate umeme, wakawatoa watu. Kisha maji yalipopanda yakafunika kisima, msikiti, makaburi na kilima kizima, wakachukua ramani na kuandika neno moja juu ya yote: Bwawa.

Ziwani majani ya mayungiyungi yalikuwa mapana kama sinia za karamu. Alilipita ziwa akitazama upande mwingine. Maji yaliyotulia hakuyapenda.

*

Mtapo ulikuwa juu ya ngazi, peke yake katika uwanja wa nyasi, umezungushiwa uzio wa chuma.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba Mbwana alisema kweli. Mtu hukitambua kilicho chake kwa kasoro zake. Mtapo wa kilimani kwao ulikuwa na kovu upande mmoja, pale radi ilipoupasua kabla babu yake hajazaliwa, na shina likapona kwa kujipinda kama mtu aliyewekwa kikapu kizito begani. Kovu lilikuwapo. Mpindo ulikuwapo.

Jambo la pili ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na kivuli. Aliitazama miguu yake, akaitazama nyasi. Mwanga ulikuwapo, lakini haukutoka popote, wala haukuwa wa asubuhi, wala wa mchana, wala wa magharibi.

Mwanamume mrefu aliyeinama mgongo alikuwa ameketi kwenye benchi, begi la safari limesimama kando yake. Mkononi alishika brashi laini, na juu ya goti lake palikuwa na kichupa chenye vumbi la njano.

"Karibu, dada," alisema bila kugeuka sana. "Ukiona huna kivuli usiogope. Hapa ndivyo palivyo. Mimi nilidhani ni hitilafu ya bustani."

"Si hitilafu," alisema Sihaba. "Mti huu umekuja na saa za kwao, na kwao hakuna saa tena."

Bwana Ndaro akageuka sasa, kikamilifu. Alikuwa na uso wa mtu aliyechomwa na jua la mahali pengi. Lakini alilichukulia neno lile kama watu wanavyochukulia maneno ya wageni wenye huzuni, akasogeza begi ili Sihaba apate pa kukaa.

Alimweleza kuhusu mtapo kwa utaratibu wa mtu aliyeeleza mara nyingi. Mitapo huwa na dume na jike. Dume hutoa gunzi lenye vumbi hili, jike hutoa gunzi lenye mbegu, na wadudu wadogo waitwao fukusi hubeba vumbi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Huu ni dume. Uliletwa na dereva wa lori, zamani, kabla yeye hajaajiriwa hapa. Dereva alisema aliuokota wakati bonde moja linasafishwa, bonde gani hakusema, kisha akafa. Kibao chake kilikuwa palepale kwenye uzio, na Sihaba alikwisha kukisoma. Dume. Pekee. Asili: haijulikani.

"Vichipukizi vyake tumevitoa, tumevipeleka majiji mengi ya dunia," alisema Bwana Ndaro. "Watu wanasema, basi, wamekuwa wengi. Sivyo. Kila kichipukizi ni yeye. Wakusanye wote uwanja mmoja, bado ni mmoja, amesimama mara nyingi."

"Na jike?"

"Ndiyo kazi yangu." Alitabasamu kidogo. "Ujana wangu wote nimemtafuta jike. Kila msitu, kila korongo, kila kilima kilicho kwenye ramani. Mke wangu alinivumilia, kisha akachoka, na simlaumu. Kila mwaka dume akipevuka nakusanya vumbi, nalihifadhi kwenye barafu, nikisema nikimpata nisije nikamkuta mikono mitupu. Imebaki milima ya kaskazini peke yake. Daktari wa moyo kaniambia nisipande hata ngazi hizi. Kesho naondoka alfajiri."

"Na nani?"

"Peke yangu. Vijana wana kazi za maana."

Sihaba alimjua huyo jike.

Jike alikuwa bondeni, chini ya kilima, pale maji ya chemchemi yalipotokea kwenye mwamba. Wanawake walifua karibu naye. Walianika kanga juu ya majani yake. Yeye mwenyewe, mtoto, alikalia shina lile akisukwa nywele.

Mwambie.

Ukimwambia, kesho hataondoka. Ataishi. Ataishi na nini?

Usimwambie. Apande milima yake. Moyo umpasukie juu kule, macho yakitazama korongo lijalo. Kuna vifo vibaya kuliko hicho. Mbwana alikufa akitazama kalenda.

Lakini wewe ulikuja hapa kutafuta mtu wa kumwambia. Usijidanganye kwamba ulikuja kuona mti. Mti ulikuwa unaujua.

Na ukimwambia, huyu atakuwa anajua. Mtu mmoja duniani atakuwa anajua. Je, ni kwa ajili yake, au ni kwa ajili yako?

Alilipindua swali hilo upande huu na upande huu. Pale pasipo na saa hakuna wa kuharakisha, na huenda alikaa hivyo kitambo kirefu kuliko alivyodhani, maana Bwana Ndaro alikwisha kuziba kichupa na alikuwa akimtazama.

"Dada, unaumwa?"

"Umesema umetafuta kila kilima kilicho kwenye ramani."

"Kila kimoja."

"Kwetu hakumo kwenye ramani," alisema Sihaba. "Kunaitwa Kwamnele. Mti huu ulikuwa juu ya kilima, nyuma ya nyumba ya babu yangu. Lile kovu ni la radi. Na jike alikuwa chini, penye chemchemi."

Bwana Ndaro aliuweka mkono juu ya begi lake kama anayemtuliza mnyama.

"Alikuwa," alisema hatimaye.

"Kuna maji sasa. Wamefunga mto. Ukisimama ukingoni huoni hata ncha ya mnara wa msikiti."

"Wengine? Penginepo bondeni?"

"Alikuwa mmoja. Tulikuwa tukisema ni bibi na bwana. Hakukuwa na watoto wao tena, ng'ombe waliwala wakiwa wachanga."

"Mbegu zake. Rangi gani?"

"Nyekundu. Nyekundu ya gamba la kaa aliyepikwa. Zikianguka tulizichezea, mama alitupiga, alisema zina sumu."

Bwana Ndaro alimuuliza urefu wa jike, Sihaba akamwonyesha kwa mkono. Alimuuliza majani, kama yalikuwa na miiba ukingoni au laini, akamwambia. Kila jibu lilikuwa linamkalia Bwana Ndaro mahali pake, na uso wake ulikuwa ukifunguka na kuvunjika kwa wakati mmoja, kwa sababu alikuwa anampata na kumpoteza kwa maneno yaleyale. Kisha akasimama ghafla, akaenda mpaka kwenye uzio, akampa mgongo.

"Kwa nini umekuja?" aliuliza. "Ungekaa kwenu. Ningekwenda zangu kesho."

"Kwetu hakukaliki."

"Ningekwenda zangu," alirudia.

Sihaba hakuomba radhi. Alikaa akiitazama mikono yake. Alitegemea kwamba baada ya kulitaja jina la kwao mbele ya mtu mwingine angejisikia mwepesi, kama watu wanavyosimulia. Hakujisikia hivyo. Alijisikia kama mtu aliyemgawia mwenzake nusu ya mzigo akakuta nusu iliyobaki ina uzito uleule, ila sasa wako wawili wanaoinama.

Bwana Ndaro aliporudi macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia. Hakukaa.

"Nipeleke."

"Wapi?"

"Kwamnele."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Sihaba, tangu Mbwana afariki, kusikia neno lile likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Bwana Ndaro alilitamka vibaya kidogo, akivuta mwanzo mahali ambapo watu wa kwao huvuta mwisho.

"Ni maji tu, Bwana Ndaro. Hutaona kitu."

"Nimezunguka dunia nisione kitu. Angalau pale nitakuwa sioni mahali penyewe. Nipeleke, dada."

"Siwezi." Alitafuta sababu, akaipata moja tu, ya kweli. "Kule ndani ya kangaga nimemsikia mama anakohoa. Pale majini nitawasikia wote."

Hakumshurutisha. Alichutama mbele yake kwa taabu, akishika benchi, akamwomba basi amwelekeze. Na Sihaba akamwelekeza. Alianza kwa barabara kuu, stendi ya kushukia, njia ya mawe mpaka ukutani mwa bwawa. Hapo angenyamaza, lakini hakunyamaza. Alisema ukifika hapo shika kushoto, utaona mti wa mkwaju wa akina Shaweji, teremka na kijia cha mbuzi, usipite kwenye kunde za watu. Utaukuta msikiti, salimia, kuna wazee barazani siku zote. Zunguka nyuma ya kisima. Utasikia wanawake kabla hujawaona. Jike yuko upande wa kulia, na ukikuta kanga zimeanikwa juu yake usiziguse, mwite mwenyewe kwanza, useme umetumwa na mtoto wa Mwanamvua.

Bwana Ndaro alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikirudia pole pole. Aliuliza swali moja, kama kijia kinateleza mvua ikinyesha. Sihaba alisema kinateleza.

Akachukua begi. Kichupa cha vumbi la njano alikitia mfuko wa shati, upande wa moyo ule mbovu, akafunga kifungo. Kwenye ngazi alisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Alipofika chini, penye saa za mayungiyungi, kivuli chake kilimrudia, kirefu, kikamtangulia.

*

Sihaba alibaki kwenye benchi. Mahali pa Bwana Ndaro palikuwa na joto bado, naye akasogea akakaa pale, maana upande wake ubao ulikuwa umevunjika. Hakujua kama atarudi nyumba ya wageni, wala kama basi la kurudi linaondoka wakati gani, wala kurudi maana yake ni nini. Gunzi la mtapo lilikuwa limefumbuka, na kila upepo ulipopita vumbi lilitoka kidogo, likaenda juu ya nyasi, juu ya uzio, halafu halionekani.

Alikuwa bado amekaa hivyo ilipokuja harusi. Katika jiji lile maharusi huja bustanini kupiga picha. Bibi harusi alipanda ngazi ameshika gauni kwa mikono miwili, bwana harusi nyuma yake amebeba viatu vyake, na mpiga picha akihangaika na mwanga, akisema hajui kwa nini hapa nyuso za watu hazina vivuli, lakini zinapendeza. Walipiga walizopiga. Kisha bibi harusi, akiwa pekupeku, alisogea kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mtunzaji wa mti huu?"

Sihaba alifikiri.

"Marahaba. Ndiyo, mimi."

"Tumesoma pale kwamba ni wa pekee. Ni kweli hana mwenzake?"

"Anaye."

"Yuko wapi?"

Bwana harusi alikwisha kuwa chini ya ngazi akimwita, jua linakwenda, wageni wanangoja ukumbini. Bibi harusi hakugeuka. Alisubiri jibu, vumbi la njano limemwangukia begani bila yeye kujua.

"Yuko nyumbani, mwanangu," alisema Sihaba. "Amebaki na kanga za watu."